Nionyeshe Mama Yake

Mimi ni fundi cherehani. Ukiniletea kitambaa, jambo la kwanza ninakigeuza. Kwa nje kila kitambaa ni kizuri. Ndani ndiko kwenye nyuzi zilizokatika na rangi iliyokwajuka. Wauza vitambaa sokoni wananiita Mama Geuza. Wakiniona nakuja, wengine wanasukuma mali yao chini ya meza. Shauri yao. Kwa miaka ishirini sijauziwa kitambaa kibovu.

Basi msiniulize nilipitiwa na shetani gani siku niliyonunua mbwa.

Nyumbani tuko watatu: mimi, mume wangu ambaye anapaka rangi nyumba za watu, na mama yake. Mama mkwe wangu hasikii. Masikio yake yalikwisha polepole, na sasa hata radi ikipiga yeye anaendelea kuchambua maharage. Lakini macho yake yanaona sindano iliyoanguka kwenye zulia, na ukisema naye uso kwa uso anakusoma midomo. Na maneno anayo, usimchokoze.

Sisi tukienda kazini, Mama hubaki peke yake. Anafagia ua, anamwagilia nyanya zake, anapika. Nyumba ile waliijenga yeye na marehemu mumewe, tofali moja baada ya jingine. Kila ufa anaujua.

Siku moja wezi waliingia mchana kweupe. Walifungua geti, wakapita nyuma ya mgongo wake akiwa kwenye nyanya, wakabeba televisheni na cherehani yangu ya pili, wakatoka walikoingilia. Mama hakusikia kitu. Alijua pale alipoingia sebuleni kufuta vumbi la televisheni, akakuta vumbi bila televisheni.

Kesho yake akaja shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Ni mtu wa ofisini, anapenda mambo yaishe kabla chai haijapoa. Alitangaza kwamba Mama atahamia kwake, ghorofa ya nne, chumba kizuri chenye kitanda kipya. Mama alimsoma midomo mpaka mwisho, kisha akasema neno moja. Kwa kuwa haisikii sauti yake mwenyewe, akisema anasikika mtaa mzima.

"Siondoki."

Shemeji alisema anampenda, ndiyo maana. Mama akamwambia ghorofa ya nne haina udongo, na yeye bado hajafa mpaka awekwe kwenye sanduku. Tulibishana hadi jioni. Mwishowe nikasema mimi: tutatafuta mbwa wa kumjulisha Mama mtu akiingia. Shemeji akakubali kwa shingo upande. Tukipata mbwa wa maana, atanyamaza. Tusipompata, mwaka ukiisha anakuja na gari kumchukua. Ilikuwa imebaki miezi mitano.

Nikawa na haraka. Hapo ndipo nilipoharibu.

Niliona picha za watoto wa mbwa kwenye simu. Nikapiga. Akapokea mwanamume mwenye sauti laini kuliko hariri. Ana mbwa wa kila aina, akasema, wakubwa, wadogo, wenye manyoya marefu, ninayemtaka yupo. Nikamwambia nitakuja kwake kuchagua. Akasema, "Usijisumbue, mama. Huku njia ni mbaya. Nitakuletea hapo hapo kazini kwako." Mimi nikaona hii ndiyo heshima kwa mteja.

Alikuja na gari, hakuzima hata injini. Mtoto wa mbwa alinipitishia dirishani, ndani ya taulo jeupe. Ana miezi miwili, akasema, ameshachanjwa, na mama yake ni mkali balaa. Nilipouliza kadi ya chanjo akasema ataileta kesho. Tena nifanye upesi, kuna mteja mwingine anamsubiri.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kitu ninachokijua. Nilishika ncha ya taulo, nikaigeuza. Pindo zuri. Safi, halina harufu. Kwenye kona kulikuwa na namba iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Nikasema moyoni, mtu mwenye taulo safi hivi, mbwa wake atakuwaje mchafu? Niligeuza taulo. Mbwa sikumgeuza.

Mama alimpokea kwa mikono miwili. Akampa jina palepale: Kengele. Siku ya pili Kengele akakataa chakula. Siku ya tatu akaanza kutapika na kuharisha, na kwenye choo chake mlikuwa na damu. Mama alikaa naye sakafuni akimnywesha maji kwa kijiko. Asubuhi ya nne tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Tulikuwa tungali kwenye benchi, zamu yetu haijafika, mbwa akafa mapajani mwa Mama.

 Mama alilikunja lile taulo mara nne, akaliweka kwenye mkoba. Nililia mimi, tena kwa sauti. Nililia kwa hasira na kwa aibu.

Daktari ni mwanamke mfupi, anavaa buti za mpira kutwa. Aliinua midomo ya yule maskini akatuonyesha meno. Ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza.

"Huyu hakuwa na miezi miwili," alisema. "Alikuwa na wiki tano, kama zimefika. Alikuwa bado wa kunyonya. Mtoto wa mbwa haondolewi kwa mama yake kabla ya wiki nane."

"Alisema amechanjwa."

"Kadi uliiona? Yenye muhuri na sahihi ya daktari?"

"Aliahidi kuileta."

"Mama yake ulimwona? Na mahali alipozaliwa?"

Nilitikisa kichwa. Daktari akashika ukosi wa koti lake jeupe. Koti lile nilimshonea mimi.

"Kitambaa cha koti hili ulikikataa mara tatu, Mama Geuza. Mara tatu ulinirudisha dukani. Kiumbe hai ukampokea dirishani mwa gari?"

Maneno yale yalinichoma, lakini nilistahili. Akatueleza kwamba ugonjwa ule unaitwa parvo. Unaua watoto wa mbwa upesi, na chanjo yake ipo. Ubaya wake ni kwamba vimelea vyake hukaa kwenye sakafu na kwenye udongo kwa miezi mingi. Tuoshe sakafu yote kwa dawa ya kuondoa madoa yenye klorini, iliyochanganywa na maji, tuchome alichokuwa analalia, na tusilete mbwa mwingine nyumbani mpaka awe amemaliza chanjo zote. Akaongeza kwamba mwezi ule Kengele alikuwa wa sita kufa hivyo hapo kwake. Wote waliletwa ndani ya taulo jeupe, na hakuna mnunuzi hata mmoja aliyejua muuzaji anaishi wapi.

Mchana ule simu haikupumzika. Nilimpigia yule muuzaji. Sauti bado laini. Akasema pole sana, labda tulimpa chakula kibaya, ila ataniletea mwingine bure, kesho, hapo hapo kazini. Shemeji naye akapiga: si mnaona? Jirani akachungulia ukutani akasema ni mbwa tu. Mume wangu, mtu wa watu, alikuwa amechoka.

"Tuchukue tu huyo wa bure," alisema. "Mchagua jembe si mkulima."

"Basi mimi si mkulima. Mimi ni fundi cherehani, na huyo simchukui."

"Na Mama je? Mwaka unaisha."

Mama alikuwa anatutazama midomo. Alifungua mkoba, akatoa lile taulo, akaniwekea mapajani kwa kishindo. Kidole chake kilikuwa kwenye ile namba nyekundu.

Jamani, mimi ni mtu wa ajabu. Namba ile niliiona siku ya kwanza, lakini sikujiuliza kitu. Namba ya uzi mwekundu kwenye kona hushonwa na dobi, ili nguo za watu zisichanganyike. Asubuhi nikawazungukia madobi. Wa tatu akaitambua. Taulo zile ni za nyumba ya wageni moja, akasema. Zikichakaa kidogo wenye nyumba humpa bwana mmoja anayefuga mbwa nyuma ya jengo, kwenye uzio wa mabati.

Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na daktari na Mama. Mama hatukumwalika. Tulimkuta ameshavaa viatu.

Muuzaji alifungua geti nusu, akajibanza kwenye upenyo. Aliponitambua akatabasamu. Akasema kumbe ningengoja, angeniletea.

"Sitaki kuletewa," nikasema. "Nionyeshe mama yake."

"Mama yake nani?"

"Wa huyo unayetaka kunipa. Nataka kuwaona wako pamoja."

Akasema mama yake ni mkali, ataniuma. Nikasema nitauma na mimi. Akasema yupo shambani. Nikasema nitangoja arudi, leo sina nguo ya mtu. Alipoona sibanduki akaingia ndani, akatoka na mbwa mnene, safi, manyoya yanang'aa. Huyu hapa mama yao, akasema, muone alivyo na afya.

Safari hii mkono wangu haukwenda kwenye taulo. Nilipiga magoti, nikambembeleza yule mbwa mpaka akalala chali. Nikamtazama tumbo. Kavu. Mama anayenyonyesha chuchu zake huwa zimevimba, zinavutika, na watoto wakimwona humkimbilia. Huyu alikuwa hajanyonyesha hata paka. Nikatazama tena, nikaona tatizo kubwa zaidi. Nikamgeukia Mama nikamwambia taratibu ili asome vizuri: alikuwa dume.

Mama alicheka kicheko ambacho nadhani kilisikika nyumba ya wageni nzima. Wakati muuzaji anahangaika kueleza, Mama akampita ubavuni akaingia. Mtu ambaye hasikii huwezi kumwambia simama.

Tulimfuata. Sitasema yote niliyoyaona. Vizimba vilipangwa viwili viwili, kimoja juu ya kingine, mkojo wa juu unawadondokea wa chini. Ndani yake majike, mbavu nje, chuchu zinaburuta. Mmoja alikuwa na watoto wachanga na tumbo lingine linaanza. Hawakubweka. Walitutazama tu. Nje ya banda, kwenye kamba, taulo nyeupe zilikuwa zimeanikwa, safi kabisa. 

Daktari alitoa simu akapiga picha kizimba kimoja kimoja. Muuzaji alisema tuko kwenye mali yake, atatushtaki. Akaniuliza kama nina kazi au nina maneno tu.

"Kazi ninayo, na maneno ninayo," nilimjibu. "Kadi za chanjo wewe huna hata moja."

Tulikwenda ofisi ya mifugo siku hiyo hiyo. Karani akasema tuache malalamiko kwenye sanduku. Mama akakaa kwenye kiti cha wageni, akatoa kitambaa chake cha kufuma, akaanza kufuma. Karani alimwambia ofisi inafungwa. Mama hakusikia. Alimwambia tena. Bado hakusikia. Najua kabisa mdomo wa yule karani aliusoma vizuri sana. Kabla ya jioni ofisa mwenyewe alitoka kutusikiliza, na baada ya wiki mbili banda lilifungwa na majike yakapelekwa kutibiwa. Kama yule bwana amefungua kwingine, sijui. Ndiyo maana nawasimulia.

Lakini sisi bado hatukuwa na mbwa, na shemeji alikuwa anahesabu siku.

Daktari alituelekeza kwa fundi baiskeli mmoja nyuma ya soko. Akatuonya: msiende na pesa, hatauza siku ya kwanza. Nendeni na Mama.

Tulimkuta fundi ameinama, anagonga rimu kwa nyundo. Kelele yake usiseme. Tulibisha hodi, hakusikia. Mara jike la rangi ya kahawia likainuka pembeni, likauma ncha ya aproni yake, likavuta. Fundi akainua kichwa akatuona. Likaachia, likarudi kwa watoto wake. Ndivyo anavyofanya kila mteja akija, fundi akatuambia. Hakumfundisha. Mbwa mwenyewe aliona tu mzee wake hasikii kwa sababu ya nyundo.

Nilimtazama Mama. Mama alikuwa ameshachuchumaa.

Watoto walikuwa watano, wa wiki tatu, kwenye boksi kavu lililotandikwa magunia masafi. Niligeuza gunia, nikamgeuza mama mtu. Mnene wa haki, macho hayana tongo, chuchu zimejaa. Fundi hakuudhika. Alikuwa anafurahi nikigusa. Akatoa kadi ya yule jike: chanjo, dawa za minyoo, muhuri juu ya muhuri. Alisema amezaa mara mbili tu, na hii ya pili ni ya mwisho. Hana aina nyingine ya mbwa, na wakiisha hawa hana tena.

Nikasema sawa, tunachukua mmoja. Fundi akaweka nyundo chini, akaanza kutuuliza yeye. Mchana nani atakuwa nyumbani? Uzio una matundu? Atalala wapi? Atakula nini? Tumewahi kufuga? Mbwa akizeeka tutamfanya nini? Nilianza kupandwa na mori. Nikamwambia, baba, nimekuja kununua mbwa, sijaja kuposa.

"Binti yangu aliposwa kwa maswali machache kuliko haya," alisema. "Yeye ana mdomo wa kujitetea. Huyu hana."

Kisha akauliza kama nyumbani kwetu pamekufa mbwa karibuni.  Nilijua nikisema kweli tutamkosa, na gari la shemeji litakuja. Mama aliona fundi ananingoja, akaniona mimi nashughulika na magunia. Akasema mwenyewe, kwa sauti yake ile, soko zima likajua:

"Alikufa mmoja. Parvo. Alifia hapa," na akapiga mapaja yake.

Fundi alilisogeza boksi karibu naye. Akasema basi kwa sababu hiyo hatatupa mtoto wa wiki nane. Atakaa naye mpaka amalize chanjo zote, afike miezi minne. Nikahesabu kwa vidole, nikaona tutabaki na wiki nne tu kabla ya mwaka kuisha. Nikalalamika. Akasema hauzi mbwa ili akafe. Tukitaka wa haraka, barabarani wamejaa.

Nilikasirika, kusema kweli. Lakini huko nyumbani, nikiwa nafumua suruali ya mtu, nikaona mambo yalivyopinduka. Mwongo alinibembeleza, akanikimbiza, hakuniuliza hata jina. Mkweli alinisumbua, akanichelewesha, karibu aninyime. Nilikuwa nimezoea kuogopa anayenisumbua.

Kila Jumamosi Mama alikwenda kwa fundi baiskeli na vipande vya nyama iliyochemshwa mfukoni. Mtoto aliyemchagua, jike dogo lenye sikio moja lililolala, alikuwa anamwiga mama yake, anavuta kila pindo analoliona. Akimvuta Mama bila sababu hapati kitu. Akimvuta wakati mteja anaingia, anapata nyama. Baada ya wiki kadhaa alikuwa hakosei. Mama akampa jina Kengele. Nikamuuliza hana jina jingine? Akasema lile halijafanya kazi yake.

Tulipomchukua, fundi alitupa kadi iliyokamilika na karatasi tuliyotia sahihi. Imeandikwa kwamba tukimshindwa, hatumtupi wala hatumpi mtu. Tunamrudisha kwake, hata akiwa na miaka kumi.

Siku ya mwisho wa mwaka shemeji akaja na gari. Mimi nilikuwa barazani natia vifungo. Nilimwona anashika komeo la geti polepole, kama mwizi, makusudi kabisa. Mama alikuwa kwenye nyanya, mgongo kwake. Nikaendelea na vifungo. Kengele alipita mbele yangu mbio, akauma pindo la gauni la Mama, akavuta. Kabla shemeji hajaingiza mguu wa pili, Mama alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

Shemeji akasema ni bahati. Akatoka, akazunguka nyumba, akarudi kwa ncha za vidole. Mama yuko pale. Akatoka tena, akangoja robo saa. Safari hiyo Mama alimpokea na ufagio. Shemeji aliangua kicheko, akakaa kwenye ngazi akifuta jasho. Nyuma ya gari lake niliona sanduku tupu alilokuja nalo kwa ajili ya nguo za mama yake.

Mama akamshika bega. "Siondoki," alisema, na kwa mara ya kwanza alilisema kwa sauti ya chini.

Mlangoni kazini kwangu sasa nimebandika karatasi. Anayekuja kupunguza suruali anaondoka na maswali ya mbwa, apende asipende. Umemwona mama yake? Umepaona alipozaliwa? Kadi iko wapi? Yeye mwenye mbwa amekuuliza nini? Kama hakuuliza kitu, mwachie mbwa wake. Kuna watu wamenuna, na mmoja ameng'oa karatasi. Nimebandika nyingine kubwa zaidi.

Jioni ile shemeji alipoondoka na sanduku lake tupu, nilitazama gauni la Mama. Pindo lilikuwa limechanika, uzi unaning'inia. Nikamwambia avue nilishone. Akanisoma midomo, akamkuna Kengele sikio lililolala, akasema nisijisumbue, kesho litachanika tena.